Makadirio ya pauni elfu tisa: uchambuzi wa kisa cha LP12 ya zamani na santuri za Afrika Mashariki

Majina, mji na kazi za wahusika vimeondolewa, na viwango vya fedha vimekadiriwa. Mashine yenyewe imetajwa kwa jina lake, kwa sababu bila hilo kisa hakifundishi chochote.

Mzee, mashine na santuri zake

Mzee wa kisa hiki alizaliwa Unguja na ameishi Uingereza zaidi ya nusu ya umri wake. Katikati ya miaka ya 1980, akiwa na watoto wadogo na mshahara wa kawaida, alinunua mashine ya kupigia santuri, Linn Sondek LP12, pamoja na mkono wa sindano wa Ittok wa kampuni hiyohiyo. Kwa jumla, kichwa cha sindano kikiwemo, alilipa zaidi kidogo ya pauni elfu moja. Mkewe aliiona risiti baada ya wiki kadhaa, na familia bado inakumbuka siku hiyo.

LP12 inatengenezwa na kampuni ya Linn karibu na Glasgow, Scotland. Ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mpaka leo haijaacha kutengenezwa. Ukiitazama kwa juu, ya zamani na ya sasa hutofautishi upesi: kasha la mbao, sinia zito la aloi ya zinki la vipande viwili, mkanda mwembamba wa mpira na mota iliyojificha pembeni. Siri yake imo ndani. Sinia na mkono vimefungwa kwenye fremu moja iliyokaa juu ya springi tatu, kusudi mitetemo ya mota na ya meza isifike kwenye sindano. Ukilibonyeza sinia taratibu katikati na kuliachia, linatakiwa kupanda na kushuka wima, bila kuyumba upande. Likiyumba, mashine haijapangwa sawa, hata kama ina vipuri vya bei gani. Kasha la mzee ni la afromosia, mbao ya misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na limekoza rangi vizuri kwa miaka.

Linn hawakuuza mashine peke yake. Waliuza na hoja. Wakati watu wengi waliamini kuwa fedha kubwa iende kwenye spika, mwanzilishi wa kampuni, Ivor Tiefenbrun, alisisitiza kuwa chanzo ndicho kitangulie: sauti iliyopotea kwenye sindano, hakuna amplifaya wala spika itakayoirudisha. Hoja hiyo ni ya kweli. Nitairudia chini, kwa sababu kisa hiki chote kinageukia kwenye swali la chanzo kinaanzia wapi hasa.

Jambo jingine la kuelewa ni mtindo wa maboresho. Mwenye LP12 halazimiki kununua mashine mpya, hununua kipande. Mwaka 1982 ilikuja bodi ya umeme iitwayo Valhalla, iliyompa mota mzunguko wa umeme ulio thabiti kuliko ule wa ukutani. Mwaka 1990 ikaja Lingo, kisanduku cha umeme kinachokaa nje ya mashine. Mwaka 1993 beringi ya Cirkus. Katikati ya miaka ya 2000 ikaja Keel, fremu ya ndani iliyochongwa kutoka aluminiamu. Mwaka 2009 Radikal, yenye mota ya umeme wa DC na udhibiti wake. Mwaka 2020 beringi mpya ya Karousel. Karibu vyote vinaingia katika mashine ya miaka ya 1980. Kwa mwenye mashine hilo ni neema, na pia ni mlango usiofungika: kila baada ya miaka michache kuna kitu kipya ambacho mashine yako haina.

Mashine ya mzee ilikuwa na Valhalla tangu dukani, na haikuwahi kuongezwa kitu.

Sasa santuri. Hapa ndipo mzee anapotofautiana na wenye LP12 wengi wa Uingereza. Ana LP za kawaida, yaani santuri kubwa, jazi kidogo, Umm Kulthum, taarabu. Lakini moyo wa hazina yake ni santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, mamia yake: dansi la Tanzania na Kenya, rumba la Wakongo walioweka makao Nairobi, taarabu ya Mombasa ya lebo ya Mzuri. Tanzania haikuwa na kiwanda chake cha kufyatua santuri wakati huo. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam au zikavuka mpaka, na santuri zikafyatuliwa Nairobi. Ndiyo maana wimbo mmoja wa dansi umekatwa pande mbili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili magitaa yanapochemka. Nyingi alizipata mtumba. Zimepita kwenye baa, kwenye maharusi, na chini ya mikono mizito ya mashine za bei rahisi. Pia ana kisanduku cha santuri za kale za mizunguko 78, urithi wa mama yake.

Mambo yalivyokwenda

Mashine ilianza kuyumba mwendo. Kwanza mzee peke yake ndiye aliyesikia. Fidla ya taarabu ikivuta noti ndefu, noti ilikuwa ikilegea kisha ikajikaza. Baadaye mashine ikawa inachelewa kuanza, na siku moja kukawa na harufu ya kitu kinachoungua. Mkwe wake aliigeuza afungue chini atazame. Kwa bahati alichomoa waya kwanza. Bodi ya Valhalla inaungana moja kwa moja na umeme wa ukutani, na ndani yake mna volti za kuua. Nimeona watu wakiifungua huku ikiwa imechomekwa, wakidhani ni kama redio ya betri.

Mzee aliipeleka kwa wakala wa eneo lao. Alipokewa kwa heshima, mashine ikakaguliwa, na baada ya siku chache yakaja makadirio ya maandishi: Radikal badala ya Valhalla na mota ya zamani, Keel badala ya fremu ya bati, beringi ya Karousel, kichwa kipya cha sindano, na kazi ya kupanga yote hayo. Jumla karibu pauni elfu tisa. Kulikuwa na njia ya pili ya bei nafuu, lakini iliandikwa mstari mmoja tu mwishoni, kama hatua ya muda.

Nyumbani pakawa na mvutano. Binti yake mkubwa alisema wazi, "Baba, iuze hii, ununue mpya ya pauni mia tano, zinazobaki uende Zanzibar." Mzee akamjibu, "Mwanangu, Zanzibar nitakwenda. Lakini nikirudi nitasikiliza nini?" Kijana wa kiume alikuwa upande wa makadirio. Alikuwa amesoma mno juu ya Keel na Radikal, na aliona kuwa baba yake, baada ya kujinyima miaka yote, anastahili kitu kilicho bora kuliko vyote.

Binti ndiye aliyenitafuta. Mimi si wakala wala muuzaji. Ninatengeneza mashine hizi na ninakusanya santuri za aina hiyo. Niliomba mambo mawili: mashine isiguswe mpaka niione, na mzee anichagulie santuri anazozipenda kwa dhati, siyo zile zinazosikika safi.

Ukaguzi

Nilianza na santuri, kabla ya bisibisi.

Sauti inayoyumba ina chanzo zaidi ya kimoja, na namna ya kuvitenganisha ni kuhesabu. Ikiyumba mara moja kwa kila mzunguko, kwa mpigo uleule tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, tatizo ni santuri: tundu lake haliko katikati. Ikiyumba ovyo, leo hivi kesho vile, tafuta kwenye umeme, mkanda au beringi. Kwa mzee yalikuwepo yote mawili. LP zake, ambazo matundu yake yako sawa, ziliyumba bila mpangilio. Hiyo ilikuwa Valhalla. Kapasita zake zilikuwa zimezeeka na sehemu ya bodi imebadilika rangi kwa joto. Lakini zile ndogo za Nairobi zilikuwa na myumbo wa pili juu ya huo wa kwanza, tena mkubwa kuliko huo.

Hesabu yake ni rahisi, na kila anayefikiria kununua mashine ya gharama aifanye. Chukua santuri ndogo ambayo tundu lake limekwenda kando kwa nusu milimita tu. Karibu na mwisho wa wimbo, mfereji unaopitiwa na sindano uko kiasi cha milimita 55 kutoka katikati. Gawanya 0.5 kwa 55: mwendo unapanda na kushuka kwa takriban asilimia 0.9. Mashine nzuri ya santuri, iwe ya pauni mia nane au elfu ishirini, myumbo wake uko chini ya asilimia 0.1. Kwa hiyo kosa lililofyatuliwa kiwandani ndani ya santuri linaizidi mashine mara tisa au zaidi, na hakuna mota itakayoliondoa.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi, maana mzee alikuwa ameishi nalo miaka yote bila kulalamika. LP12 yenye Valhalla inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, basi. Kupata 45, unaliondoa sinia la juu, unavisha kipete juu ya puli ya mota, unarudisha mkanda, unarudisha sinia. Mtu mwenye mamia ya santuri za 45 alikuwa anafanya kazi hiyo kila alipotaka kuhama kutoka LP kwenda santuri ndogo. Ndiyo sababu, alivyoeleza mwenyewe, alikuwa na "siku za ndogo" na "siku za kubwa". Makadirio ya wakala yangemwondolea adha hiyo, kwa kuwa Radikal inabadilisha mwendo kwa kubonyeza kitufe. Lakini hakuna mahali katika makadirio palipoandikwa kuwa hiyo ni sababu. Hakuna aliyemuuliza mzee anapiga santuri gani.

Mengine yalikwenda haraka. Beringi ilikuwa nzima: mafuta yamechoka, lakini nilipoushika mhimili sikuhisi ulegevu wala mkwaruzo. Mkono wa Ittok ulikuwa huru na hauna mchezo kwenye beringi zake. Springi na mipira yake vimelala. Sindano imekwisha, tena zamani. Halafu sakafu: nyumba ni ya zamani, sakafu ya mbao, na mashine ilikuwa juu ya kabati katikati ya chumba. Mjukuu alipopita mbio, sindano iliruka. Springi zinazoilinda LP12 na mitetemo midogo ndizo zinazoifanya iwe dhaifu mbele ya sakafu inayobonyea.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mzee aendelee na mashine yake, tusiende njia ya kuuza. Binti hakukosea katika hesabu zake za fedha, ila mashine mpya ya pauni mia tano haingemfaa baba yake kuliko hii ikiwa imetengenezwa. Nikamwonyesha kwa masikio, tukiweka LP isiyo na kasoro kwenye mashine mbili. Alikubali mwenyewe, na baada ya hapo mazungumzo yakawa mepesi.

Wa pili ulihusu umeme, na hapo tulikuwa na njia tatu. Kubadilisha kapasita za Valhalla kungekuwa rahisi kuliko zote, lakini kungemwacha mzee na kipete chake cha 45. Radikal ingefanya kazi vizuri sana, kwa maelfu. Katikati kulikuwa na Lingo ya mtumba ya kizazi cha mwanzo: inatumia mota ileile, inampa 33 na 45 kwa kitufe, na bei yake haikufika pauni mia sita pamoja na kapasita mpya. Tukachukua hiyo. Mwendo wa 45 kwa kitufe ulikuwa na thamani kwa mzee huyu kuliko kupunguza zaidi myumbo ambao tayari ulikuwa umefunikwa na matundu ya kiwandani.

Keel na Karousel tuliviacha. Beringi nzima haibadilishwi kwa sababu tu kuna mpya zaidi. Kuhusu Keel, sitasema haina kazi. Nimeisikia, na kwenye LP iliyofyatuliwa vizuri inafungua sauti kwa namna ambayo masikio hayahitaji kushawishiwa. Lakini fremu ya kuchonga kazi yake ni kutoa yale madogo kabisa yaliyomo ndani ya mfereji. Mfereji uliokwanguliwa na sindano butu za baa, madogo yake yamekwishaondoka.

Sindano ndiyo iliyonifikirisha kuliko vyote. Kwa santuri za mono za zamani, wengi hushauri kichwa cha mono, kisichosoma mwendo wa juu na chini wa sindano, na hivyo hupunguza sana mikwaruzo. Ushauri ni mzuri. Tatizo ni kwamba mkono wa Ittok kichwa chake cha mbele hakichomoki. Kubadilisha kichwa cha sindano maana yake ni skrubu, waya nne, vipimo upya, na mizani upya; mzee asingefanya hivyo kati ya LP moja na santuri ndogo, na ningekuwa nimemrudishia "siku za ndogo" na "siku za kubwa" kwa mlango mwingine. Tukachagua kichwa cha stereo chenye sindano zinazochomoka kwa vidole, tukanunua mbili: moja ya ncha ya mviringo kwa santuri zilizotumika, nyingine ya ncha nyembamba kwa LP safi. Uzito wa sindano kwenye Ittok hurekebishwa kwa kugeuza kijigurudumu, kwa hiyo kubadilisha ni kazi ya dakika moja. Mono tukaipata kwenye kitufe cha priampu (amplifaya ya awali), ambacho huchanganya pande mbili za sauti na kuzima sehemu kubwa ya mikwaruzo hiyohiyo.

Fedha zilizobaki zikaenda kwenye mashine ndogo ya kuoshea santuri na rafu ya chuma ya ukutani. Jumla ya kila kitu, pamoja na springi, mipira, mkanda, mafuta na kupanga, ilikuwa karibu pauni 1,600.

Matokeo

Rafu ilileta mabadiliko yaliyosikika mara moja na kila mtu ndani ya nyumba. Iligharimu kiasi cha pauni 120, na ndiyo iliyomaliza kuruka kwa sindano. Besi nayo ikakaza.

Kuosha kukafuata. Baadhi ya santuri ambazo mzee alizihesabu kuwa zimekufa zilikuwa zimejaa tu vumbi lililoshikana na moshi na mafuta ya mikono. Si zote, karibu nusu zilibaki na mkwaruzo wa kudumu, na nilimwambia mapema kuwa maji hayarudishi plastiki iliyokwanguliwa.

Myumbo wa matundu tulipata njia ya kuupunguza kwa zile zenye tundu kubwa la milimita 38. Badala ya kutumia kipete cha katikati kinachobana tundu, tulichongesha chenye nafasi kidogo. Santuri inawekwa, inazungushwa taratibu huku ukiutazama mkono unavyokwenda kushoto na kulia, kisha unaisukuma santuri kwa kidole mpaka mkono utulie. Mzee ameimudu kazi hii kuliko mimi. Kwa zenye tundu dogo hatukufanya kitu. Hakutaka zitobolewe, na nilimuunga mkono.

Yapo yaliyokwenda vibaya. Mjukuu alibadilisha sindano mwenyewe na kuikunja ile ya ncha nyembamba, ambayo ndiyo ghali. Lingo nayo ilitoa mlio wa chini kwenye spika mpaka tulipoihamisha mbali na priampu; jambo dogo, lakini lilimtia mzee wasiwasi kwa wiki nzima kabla hajapiga simu. Zile za 78 hazikupata mashine: LP12 haina mwendo huo, na mifereji yao inahitaji sindano nene zaidi, kiasi cha mikroni 75 badala ya 18 za LP. Mzee alikuwa ametumaini kimoyomoyo kuwa maelfu yale yangempa na sauti za mama yake. Pengine hilo ndilo lililomvuta kwenye makadirio tangu mwanzo. Baadaye alipata mashine nyingine ya kawaida, yenye mwendo wa 78, kwa bei ambayo isingenunua hata kichwa cha sindano kilichokuwa kwenye makadirio.

Uchambuzi: ilistahili bei yake?

Niligawe swali, kwa sababu jibu la mashine na jibu la maboresho ni tofauti.

Mashine, ndiyo. Pauni elfu moja za katikati ya miaka ya 1980 ni karibu elfu tatu za wakati wa kisa. Ongeza mikanda na sindano za miaka yote, ongeza 1,600 za safari hii, gawa kwa miaka zaidi ya 35: unapata pungufu ya pauni 200 kwa mwaka. Na mwisho wake kuna kitu ambacho bado kingeuzwa kwa bei nzuri. Kinachobeba hesabu hiyo ni uamuzi wa Linn wa kuendelea kutengeneza vipuri vinavyoingia kwenye mashine ya zamani. Mashine nyingi nzuri za miaka hiyo ziko stoo kwa kukosa kipande kimoja cha plastiki. Kudumu kwa LP12 sokoni ndiyo thamani yake kubwa, na mnunuzi mpya anailipia hiyo hata asipojua.

Maboresho ya elfu tisa, kwa mzee huyu, hapana. Hapa narudi kwenye hoja ya Tiefenbrun. Kama chanzo ndicho kitangulie, basi chanzo cha kwanza ni santuri yenyewe: tundu lake, usafi wake, uchakavu wa mfereji wake. Kisha sindano inayougusa. Kisha mahali mashine ilipowekwa. Hivyo vitatu viligharimu chini ya nusu ya ile 1,600 na vikaleta sehemu kubwa ya tofauti. Wakala alianzia ndani ya kasha kwa sababu ndani ya kasha ndiko kwenye bidhaa zake. Simlaumu kwa kuuza. Makadirio yake yangemfaa mtu mwenye LP safi mia tano, sakafu ya zege na masikio ya kusubiri. Kosa lilikuwa kuandika tiba kabla ya kuuliza.

Kijana wa mzee alikuwa na hoja ambayo sikutaka kuipuuza: kuna furaha katika kumiliki kilicho bora, na baba yake anaistahili. Nakubali. Linn wenyewe walipotimiza miaka 50, mwaka 2023, walitoa LP12-50 iliyobuniwa pamoja na LoveFrom, kampuni ya ubunifu ya Jony Ive aliyekuwa mbunifu mkuu wa Apple, mashine 250 tu, kwa pauni 50,000 kila moja. Hapo mtu analipia uzuri wa kitu na nafasi yake katika historia. Ni haki yake, mradi anajua kuwa ndicho anachonunua. Kijana alidhani anamnunulia baba yake sauti ya santuri za Nairobi, na sauti hiyo haikuwa ndani ya Keel.

Swali ninaloulizwa zaidi na wakusanyaji wenzangu ni hili: kama mzee asingekuwa na LP12, ningemshauri ainunue? Kwa hazina ya namna hii, hapana. Ningempeleka kwenye Technics SL-1200. Ilianza mwaka 1972, toleo la Mk2 likaja 1979, ikasimama mwaka 2010 na kurudi sokoni 2016. Mota yake inazungusha sinia moja kwa moja bila mkanda. Ina 33 na 45 kwa kitufe, kichwa cha mbele cha mkono kinachomoka kwa kufungua pete moja, kwa hiyo cha mono na cha stereo vinabadilishana kwa sekunde, na kuna kitelezi cha kupandisha au kushusha mwendo kwa asilimia 8, ambacho ni cha thamani kwa santuri zilizofyatuliwa kwa mwendo usio sahihi. Haina springi za kupangwa. Kwa LP nzuri katika chumba tulivu bado napenda LP12 zaidi, hasa kwa namna inavyoshika mdundo wa besi. Lakini santuri ndogo za Afrika Mashariki zinataka mashine isiyodeka.

Hili lina uzito zaidi kwa wanaotaka kuisafirisha LP12 nyumbani. Umeme wa Kenya na Tanzania ni wa herzi 50 kama wa Uingereza, kwa hiyo mashine itazunguka sawa. Kinachokosekana ni mtu wa kuipanga. Springi zinapoteza mpangilio safarini, na bila mtu mwenye jigi ya kuishikilia na uzoefu wa kuisikiliza, utakuwa na mashine ghali inayoyumba. Ikibidi kusafiri nayo, toa sinia zote mbili na mkanda, funga mkono kwenye kishikio chake, mwaga mafuta ya beringi kabla ya kuilaza, na uzuie fremu ya ndani isining'inie. Mhimili wa beringi ufungwe kwa kitambaa safi. Ncha yake ikipata mkwaruzo, hapo ndipo Karousel itakapohitajika kweli.

Mzee bado hajaamua nani atairithi. Binti, aliyetaka iuzwe, ndiye sasa anayejua kuipanga kwenye rafu kwa pimamaji na kuweka santuri katikati kwa kidole. Nimewaandikia karatasi yenye kila kilichobadilishwa, tarehe na bei, pamoja na onyo kwa herufi kubwa kuhusu kuchomoa umeme, na imebandikwa chini ya kasha.